Gesi ya Naitrasi kwenye Gari la Mashindano: Pima Kwanza, Ndipo Ufungue Mtungi

Pistoni niliyoshikishwa katika gereji moja mjini Kitale ilikuwa na tundu katikati, la kupitisha kidole gumba. Kingo za tundu zilikuwa laini na zimelegea, mfano wa mshumaa ulioyeyuka ukagandia njiani. Mwenye gari alikuwa amefunga gesi ya naitrasi kwenye Subaru yake ili ashindane na wenzake, na kila aliyesimama pale alisema gesi ndiyo iliyoitoboa. Fundi mzee hakubishana. Alifungua chujio la petroli, akaligongagonga juu ya gazeti. Ukatoka uchafu mweusi kama masizi ya sufuria. "Gesi ilifika," akasema. "Petroli ndiyo haikufika."

Ukikumbuka sentensi hizo mbili umeshaelewa nusu ya somo. Gesi hii hutumika salama na watu wanaopima kila kitu kabla ya kuifungua, na huharibu magari na kuumiza watu wanaokisia. Hebu twende hatua kwa hatua, hata kama hujawahi kufungua boneti.

Naitrasi ni nini hasa?

Naitrasi oksaidi ni gesi ileile inayotumiwa hospitalini kupunguza maumivu, ambayo wengi huiita gesi ya kuchekesha. Vijana wa magari huiita NOS, jina la kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1978 kuuza vifaa vyake. Yenyewe haiwaki, bali husaidia kitu kingine kiwake. Katika hewa tunayovuta, oksijeni ni kama asilimia 21. Naitrasi ikivunjika kwa joto la ndani ya silinda, theluthi moja ya kinachotoka ni oksijeni.

Fikiria jiko la makaa. Ukilipepea, makaa huwaka zaidi, na pia huisha haraka. Naitrasi ni upepeo, petroli ni makaa. Ukizidisha upepeo, ni lazima uzidishe makaa kwa kipimo chake. Usipofanya hivyo, joto ndani ya silinda hupanda kupita kiasi na huanza kula chuma: pistoni, vali na gasketi ya hedi.

Kwa nini inatamanika sana huku kwetu?

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Kadiri unavyopanda, hewa huwa haba. Injini isiyo na tabo, yaani ile pampu ya kusukumia hewa, ikiwa Kitale hukosa karibu sehemu moja kwa tano ya hewa ambayo ingeipata Mombasa. Bungoma hukosa kama asilimia 15. Gesi ya mtungini haipungui kwa mwinuko: kilo moja ina oksijeni ileile Mombasa na Kitale. Wajerumani waliitumia kwa sababu hiyohiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika ndege za kivita zilizopaa juu sana.

Lakini angalia upande wa pili. Kwa kuwa nguvu ya kawaida ya gari lako imeshapungua huku juu, nyongeza ileile huwa mzigo mkubwa zaidi kwa injini ukilinganisha na ilichozoea. Anza na kiwango kidogo kuliko kile anachotumia rafiki yako wa pwani.

Je, gari langu linaiweza?

Kwa injini ya kiwandani ambayo haijabadilishwa pistoni, mwongozo wa kawaida wa watengenezaji ni nyongeza ya nguvufarasi 40 hadi 60 kwa injini ya silinda nne, na 75 hadi 100 kwa silinda sita. Hicho ni kilele, si mahali pa kuanzia. Injini ya lita 1.5 kama ya Probox au Fielder ina nguvufarasi kama 110 ikiwa mpya. Kuiongezea 50 ni kuiongezea karibu nusu ya nguvu zake. Anza na 25. Kama gari lina tabo, usiweke naitrasi bila fundi anayejua kupanga upya kompyuta ya gari, kwa sababu pistoni zake tayari zimebeba mzigo.

Hatua ya kwanza kabisa ni kupima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Fundi hutoa plagi, huingiza geji mahali pake, kisha huzungusha injini kwa stata. Andika namba ya kila silinda kwenye karatasi. Tofauti kati ya silinda yenye namba kubwa na yenye namba ndogo isizidi asilimia 10. Ikizidi, hela zako ziende kwenye kukarabati injini. Kipimo hiki ni kazi ya muda mfupi na ndicho cha bei nafuu kuliko vyote katika safari hii.

Vifaa ni vipi, na gharama ni kiasi gani?

Kuna mifumo miwili. Mfumo mkavu hunyunyiza gesi peke yake na kutegemea injekta za gari, yaani vinyunyizi vyake vya petroli, ziongeze petroli. Mfumo wa maji hunyunyiza gesi pamoja na petroli yake ya ziada. Kwa anayeanza, chukua mfumo wa maji, kwa maana unakuja na makaa yake.

Seti ya mfumo wa maji kutoka kampuni inayojulikana huuzwa Marekani kwa kati ya dola 600 na 900. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na mwombe wakala wa forodha akupigie hesabu nzima kwa maandishi kabla hujatuma pesa. Mtungi usafirishwe ukiwa mtupu, kwa sababu mtungi uliojaa ni mzigo hatari.

Seti pekee haitoshi. Tenga fedha nyingine kwa vifaa vinne vya ulinzi. Cha kwanza ni swichi inayoruhusu gesi pale tu pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Cha pili ni kidhibiti cha mizunguko, kinachofungua gesi injini ikivuka mizunguko 3,000 kwa dakika na kuifunga kabla haijafika kikomo chake. Cha tatu ni swichi inayokata gesi mara tu shinikizo la petroli linaposhuka. Ile Subaru ingekuwa nacho, pistoni ingepona. Cha nne ni geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Gesi ikiwa wazi, geji isome karibu 11.5 hadi 12, yaani kama kilo 12 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kama bajeti haitoshi vyote vinne, subiri. Seti bila ulinzi ni deni la injini nyingine.

Nipate wapi gesi, na nisitumie nini?

Nchini Kenya, gesi hii huuzwa hasa kwa ajili ya hospitali. Zungumza na kampuni zenye leseni ya kuuza gesi za viwandani na hospitali, ueleze wazi kwamba ni kwa gari la mashindano, na uulize kama watakujazia mtungi wako kwa kupima uzito. Gesi ya magari huchanganywa na kiasi kidogo cha dioksidi ya salfa ili inuke na mtu asitamani kuivuta. Mtungi wa hospitali ni wa mgonjwa. Ukiletewa mtungi wa aina hiyo kwa njia ya mlango wa nyuma, ukatae.

Na usithubutu kuunganisha oksijeni ya fundi wa kuchomelea vyuma. Nimesikia ikipendekezwa gereji, na inaonekana kama njia ya mkato. Oksijeni tupu haina naitrojeni ya kupoza mwako, na ikikutana na oili au grisi yenye shinikizo inaweza kulipuka hata bila cheche. Wala usijaze naitrasi kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, ambao haukutengenezwa kubeba shinikizo la namna hiyo.

Mtungi ufungwe vipi?

Mtungi wa kawaida hubeba kilo 4.5 za gesi. Uzito wake ukiwa mtupu huandikwa juu yake, kwa hiyo mizani ndiyo itakayokuambia umebakiza kiasi gani. Usikubali ujazwe kupita kipimo, maana gesi iliyo katika hali ya kimiminika hutanuka kwa joto na mtungi uliojazwa mno hauna nafasi ya kutanukia. Angalia pia tarehe iliyogongwa kwenye shingo. Kwa kanuni za Marekani, mtungi hupimwa upya kila baada ya miaka mitano.

Ufunge ndani ya buti kwa mabano ya chuma na bolti zinazopita kwenye sakafu ya gari, si kwa mpira wala kamba. Kwenye vali kuna kisahani cha usalama kinachopasuka shinikizo likizidi. Kiunganishwe na bomba linalotoka nje ya gari, ili gesi isijae walimokaa watu.

Kwenye viungo vya mabomba, usitumie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nyuzi zake hukatika, huingia kwenye vali ya umeme na kuizuia isifunge. Tumia gundi maalum ya nyuzi za bomba, nayo kidogo tu. Usiguse viungo vya gesi kwa mikono yenye oili au grisi. Ukimaliza, fungua mtungi injini ikiwa imezimwa, upake povu la sabuni kwenye kila kiungo, kama unavyopima mtungi wa jikoni. Povu likitunga malengelenge, gesi inavuja.

Petroli, plagi na taimingi

Badilisha chujio la petroli, na upime shinikizo la pampu injini ikifanya kazi. Tumia petroli ya okteni ya juu, yaani inayostahimili kubanwa bila kujiwasha yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushusha okteni. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutia alama ya kikemikali kwenye mafuta ili kuwanasa wachanganyaji, lakini wewe chagua kituo kimoja unachokiamini na usinunue petroli ya madumu.

Plagi ziwe baridi zaidi, maana yake zinazotoa joto haraka. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi: kama gari linatumia namba 5, weka 6. Mwanya wa cheche upunguzwe hadi kama milimita 0.8 au 0.9. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, irudishwe nyuma kama digrii 2 kwa kila nguvufarasi 50 unazoongeza, kwa sababu mwako wa naitrasi huenda kasi. Taimingi ikiachwa ilivyokuwa, injini hugonga kama anayetwanga kokoto kwenye kinu, na injini inayogonga ikiwa na gesi haichukui muda kuvunjika.

Baridi ya Kitale na jua la Bungoma

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtungi hufanya kazi vizuri ukiwa na shinikizo la PSI 900 hadi 950. PSI ni kipimo kilekile cha upepo wa tairi, na tairi la gari dogo huwa na kama 30 tu. Sasa, shinikizo hilo hufuata joto. Nyuzi 10 za asubuhi ya Kitale hukupa chini ya PSI 600. Nyuzi 20 hukupa kama 750, na nyuzi 30 kama 900. Gari lililofungwa vioo kwenye jua la mchana Bungoma huweza kupita 1,100.

Shinikizo likiwa chini, gesi hutoka kidogo, petroli huzidi, gari hukohoa na kutoa moshi mweusi. Likiwa juu, gesi huzidi petroli, na hapo ndipo pistoni hutobolewa. Fundi akikupangia gari asubuhi Kitale, kisha ukashuka Bungoma na kukimbia saa nane mchana bila kuangalia geji, gari hilo halijapangwa. Mtungi ukiwa baridi, upashe kwa blanketi yake ya umeme yenye kidhibiti. Usiupashe kwa moto wa aina yoyote. Ukiwa moto, uweke kivulini na usubiri.

Siku ya kujaribu nifanye nini?

Kwanza, funga mtungi, mwombe fundi apitishe umeme kwenye vali ya gesi peke yake, na usikilize ikilia "tik". Pili, pima uzito wa mtungi na uandike. Tatu, washa injini bila gesi mpaka ipate joto lake la kawaida. Nne, fungua mtungi na usome geji ya shinikizo. Tano, kimbiza gari bila gesi na uone kama geji ya mchanganyiko imetulia. Sita, ndipo ukimbize kwa gesi, gia ya pili au ya tatu, kwa sekunde tatu au nne tu.

Kisha uzime, utoe plagi, uziangalie kwa kioo cha kukuzia. Kauri nyeupe ikiwa safi au na rangi ya biskuti, endelea. Ukiona vitone vinavyometa kama pilipili manga ya fedha, hivyo ni vipande vya pistoni. Safari imeishia hapo, mpaka ujue sababu.

Ukimaliza, funga mtungi kwa mkono wako mwenyewe, kisha utoe gesi iliyobaki kwenye bomba. Usiache mtungi wazi usiku. Vali ikivuja, gesi hukusanyika kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, na ukiwasha gari asubuhi manifoldi inaweza kupasuka. Ukihisi gesi imevuja hivyo, usipige stata. Kata umeme wa plagi, ondoa bomba la hewa, uache gari lipumue.

Ikinigusa au nikiivuta je?

Gesi hii ikitoka huwa baridi ya nyuzi 88 chini ya sifuri. Hugandisha ngozi mara moja. Vaa glavu na miwani. Ikikugusa, tia sehemu hiyo kwenye maji vuguvugu, usisugue, usiiote motoni, kisha nenda hospitali.

Kuhusu kuivuta kwa burudani, nasema kama mzazi: usijaribu. Hufukuza oksijeni mwilini, na mtu huweza kufa kimyakimya akiwa amekaa ndani ya gari. Anayeivuta mara kwa mara huharibu vitamini B12 mwilini, mishipa ya fahamu huumia, na miguu huanza kufa ganzi. Ukiona kijana ana mitungi midogo na analalamika nyayo zinamwasha, mpeleke kwa daktari, na kijana amwambie daktari ukweli wote.

Nikimbilie wapi?

Si barabara ya Kitale kwenda Webuye. Kiminini na Kamukuywa zina watoto wa shule, bodaboda na magari ya mahindi. Kati ya Bungoma na Webuye, pale Bukembe, trekta la miwa linaweza kuwa mbele yako bila taa ya nyuma. Kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, gari hupita mita 44 kila sekunde. Kabla hujamaliza kushtuka umeshafika. Kuendesha kwa kuhatarisha watu ni kosa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na bima nyingi hazilipi hasara ya mashindano.

Mbio za kasi za mstari mnyoofu (drag) kwa kawaida ni mita 402, na baada ya hapo inahitajika nafasi ndefu ya kusimama. Jiunge na klabu inayotambuliwa na KMSF, shirikisho linalosimamia michezo ya magari nchini, uombe kanuni za mashindano na uulize kama naitrasi inaruhusiwa katika daraja lako. Mashindano halali yana ukaguzi wa magari, barabara iliyofungwa, zimamoto na ambulensi. Uwe na kofia ngumu, mkanda wa mashindano, na kizima-moto mahali mkono wako unapofikia. Hifadhi pia namba 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Mkulima wa Trans Nzoia hapeleki mahindi bohari ya NCPB, bodi ya nafaka, kwa kuyauma na meno. Huyapima unyevu, na yakizidi asilimia 13.5 huyarudisha juani bila aibu. Fanya hivyo na gari lako. Kabla hujatuma hata dola moja ya kununua seti, lipeleke gereji, litolewe plagi nne, usimame pale ukiona geji ya kompresheni ikipanda, na namba zote nne uziandike wewe mwenyewe. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia kama uendelee, au utengeneze kwanza.